Ncha Isiyopakwa Rangi

Juzi vijana watatu wa chuo cha ufundi walinijia hapa nyumbani Izia, droni yao wameibeba ndani ya boksi la biskuti kama watu wanaompeleka kuku mgonjwa kwa bwana mifugo. Walinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikawasogezea mkeka. Mmoja wao, msichana mwenye miwani, akaitoa droni na kuiweka mbele yangu.

"Bibi, kila kitu kiko poa," akasema. "Ila ikifika kule kwenye miti inakata. Inakuwa kama haitujui tena."

Nikaigeuza. Antena yake, kijiwaya chembamba kama unyasi, ilikuwa imebandikwa kwa gundi ubavuni mwa betri, imelala pale kama mjusi anayeota jua.

"Kwa nini mliiweka hapa?"

Wakatazamana. "Ndipo palipokuwa na nafasi, bibi."

Nilicheka mpaka nikajifuta machozi kwa khanga. Wakadhani nawacheka wao. Hapana, wajukuu zangu. Jibu hilo nimelisikia kwa marubani, kwa wenye ndege, hata kwa mafundi wenzangu, na kila nilipolisikia nilijua kazi yangu ya wiki hiyo itakuwa ipi. Niliwasaidia kuihamisha antena ikasimama wima, mbali na betri, wakaondoka wamefurahi. Lakini walipokwisha kuondoka nilikaa barazani nikitazama upepo ukiyalaza mahindi na kuyainua tena, nikaona kwamba jambo lenyewe sijawaambia. Ndiyo maana naandika. Ni kwa ajili yenu ninyi watatu, na kwa yeyote atakayeshika bisibisi baada yenu.

Nimefanya kazi ya redio za ndege tangu nikiwa msichana mpaka magoti yaliponikataza kupanda ngazi. Watu wakisikia hivyo hufikiria vile visanduku vyenye taa na vitufe mbele ya rubani. Visanduku ni rahisi. Kikiharibika unakichomoa, unaweka kingine. Ugumu uko nje, kwenye kile kitu kidogo kinachosimama juu ya bati kama pezi la samaki, ambacho abiria wala hakioni anapopanda. Hapo ndipo sauti inapouacha waya na kuingia angani. Ukipakosea hapo, redio iwe nzuri namna gani, rubani atakuwa anaongea na kofia yake.

Nadhani jambo hili nililijua kabla sijalisoma. Baba yangu alikuwa na duka mjini Sumbawanga na malori yaliyoshusha sukari na sabuni bondeni na kupandisha mpunga na samaki. Wakati wa likizo alinichukua. Nilikaa katikati, kati yake na utingo, redio ya lori ikiimba. Tukiwa huku juu Ufipa, ambako nchi ni wazi na mbingu iko karibu, muziki ulijaa kila pembe ya kichwa cha lori. Kisha tunafika ukingoni, pale nchi inapokatika ghafla na Ziwa Rukwa linaonekana chini kama kioo kilichosahauliwa kwenye majani. Lori linaanza kushuka, kona baada ya kona, na muziki unazama. Haukatiki. Unazama polepole, kama mtu anayepitiwa na usingizi huku anaongea.

"Baba, umekwenda wapi?"

"Tumeuacha juu," baba alisema. "Tutaukuta tukirudi."

Na kweli tuliukuta. Kwenye kona za mwisho za kupanda, wimbo ulianza kufumbua macho, kwanza mlio tu, kisha neno, kisha mtu mzima anaimba. Kwa miaka mingi niliamini kwamba pale ukingoni kuna mahali ambapo nyimbo hukaa zikitungoja. Baadaye nilifundishwa darasani kwamba mawimbi ya namna ile husafiri kwa mstari ulionyooka, hayajui kupinda na kuuzunguka mlima. Nikaelewa. Lakini hata leo nikipita pale huwa nageuka kutazama.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Oswadi, mtu wa Pito, fundi mkuu wa karakana ndogo iliyokuwa kando ya uwanja wetu wa ndege. Alfajiri alikuwa kwenye ulezi wake, na alipofika kazini udongo wa shamba ulikuwa bado kwenye viatu. Siku yangu ya kwanza kulikuwa na ndege ya kufungwa antena mpya. Nilikuwa nimeshashika drili. Akaichukua mkononi mwangu kwa upole, akavuta stuli mbili mbele ya ndege, akamimina chai.

"Kaa, binti."

Nikakaa. Tukanywa. Sisi tunaitazama ndege, na ndege inatutazama.

"Sasa niambie. Wewe ndiye sauti. Unataka kumwita mtu aliye mbali. Utasimama wapi hapo?"

Nikaonyesha tumboni, chini, kwa kuwa ndiko bati lilikuwa tupu.

"Tukitua kwenye kiwanja cha matope, nani atakuosha uso?"

Nikaonyesha juu, ubavuni mwa antena nyingine.

"Mtapigiana kelele masikioni."

Nikaonyesha nyuma kabisa, mbele kidogo ya mkia.

"Na ukitaka kumwita aliye nyuma? Mkia utakuwa umekusimamia usoni kama mlango."

Birika lilipoisha nilikuwa nimeshaona mwenyewe: juu ya paa, katikati, ambako bati ni pana, mbali na wenzake, mbali na moshi wa injini, mahali ambapo hapana kitu mbele yake. Mzee Oswadi akanirudishia drili. "Haya, toboa," akasema. "Bati la ndege halina kifutio."

Nawaachia na ninyi stuli hiyo. Kompyuta za siku hizi zinaweza kukuchorea jinsi sauti itakavyosambaa kuizunguka ndege, kwa rangi nzuri kabisa, na mimi nazipenda. Lakini kabla hujaiwasha, keti kwanza mbele ya chombo chako na ujiulize ungekuwa wewe ungesimama wapi.

La pili ambalo vijana wengi hulisahau: ile fimbo mnayoiona si antena nzima. Ni nusu. Nusu ya pili ni bati la ndege lenyewe lililo chini yake. Fikirieni mtu anayetaka kuruka juu. Lazima miguu iwe na ardhi ngumu ya kujisukumia. Akisimama kwenye tope, nguvu zake zote zitaishia topeni. Kwa hiyo mahali kitako cha antena kinapokaa, lazima chuma kiguse chuma. Unakwangua rangi mpaka bati ling'ae, unafunga, unapima, na ndipo unaziba kingo kwa gundi ili maji yasiingie. Kwa ndani unaweka bati la pili la kuongeza nguvu, kwa sababu upepo utaisukuma antena hiyo kila siku ya maisha yake.

Kuna bwana mmoja mwenye mashamba huko Mbeya aliyetuletea ndege iliyotoka kupakwa rangi, nyeupe na mstari wa bluu, inang'aa kama bibi harusi. Aliposikia neno kukwangua, alisimama kati yetu na ndege.

"Hapana. Rangi hii haiguswi."

"Mheshimiwa," Mzee Oswadi akamwuliza, "unataka ndege inayopendeza au ndege inayosema?"

"Zote mbili!"

"Basi tutakwangua pale tu ambapo antena itakaa. Utapendeza, na utasema, na siri itabaki chini ya kitako."

Yule bwana alicheka mwenyewe, akatupisha.

Na gundi hiyo ya kuzibia, nisisahau, haipendi baridi yetu. Walioandika maelekezo yake hawajawahi kuamka Sumbawanga mwezi wa saba. Asubuhi inakuwa ngumu kama ugali wa jana. Mzee Oswadi alikuwa na dawa yake: tyubu aliiweka kwapani chini ya koti tangu anapotoka Pito, akaendesha baiskeli nayo mpaka kazini. Nikawa nafanya hivyo hivyo. Mume wangu alizoea kunisikia asubuhi nikitafuta gundi yangu kama wengine wanavyotafuta miwani.

Sasa niwaambie habari ya mwaka ambao sauti ya Ilemba ilianza kufifia.

Ilemba iko chini, bondeni, upande wa ziwa. Mvua zikikolea, barabara ya kushuka ukingo ilikuwa inakatika, na watu wa huko walibaki na ndege yetu moja ndogo iliyotumwa na shirika la misaada. Ilishusha chanjo na dawa kwenye kiwanja cha majani, ikapandisha wagonjwa. Kule chini alikuwapo Nesi Gaudensia, mkunga, aliyekuwa na redio yake ya ardhini na antena juu ya mlingoti wa mti. Rubani akiwa bado juu ya mji wetu alimwita, na yeye alimweleza upepo unatoka wapi, majani yamelowa kiasi gani, ng'ombe wako wapi. Aliposema shuka, ndege ilishuka. Aliposema ngoja, ilingoja.

Mimi nilikuwa nimepelekwa kikazi Dar es Salaam kwa muda mrefu. Niliporudi nilimkuta Mzee Oswadi ana mtoto wa jicho machoni mote, anafanya kazi kwa vidole zaidi kuliko kwa kuona, na nikamkuta rubani, Kapteni Aminieli, mtu wa Kilimanjaro, ana hasira.

"Fundi Zuhura, karibu nyumbani," akaniambia. "Kwenu hapa jina la mji maana yake ni tupa uchawi. Basi utupeni na huu uliomo redioni mwangu."

"Tulishautupa wote, Kapteni," Mzee Oswadi akajibu toka chini ya bawa. "Labda wewe uliuokota njiani ukitoka kwenu."

Walitaniana hivyo kila siku, lakini safari hii hakuna aliyecheka sana. Zamani, Kapteni alieleza, alimsikia Nesi Gaudensia akiwa bado juu ya soko la mji. Mwaka uliofuata akawa anamsikia akifika ukingoni. Sasa alikuwa hamsikii mpaka ameshatumbukia bondeni, chini ya mawingu, milima nyuma yake, na hapo sauti inakuja kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Wiki iliyopita alishuka bila kumsikia akakuta ng'ombe wamelala katikati ya kiwanja.

"Mvua zikianza siwezi kushuka mle kwa kubahatisha," akasema. "Nimewaambia wakubwa zangu. Isipotengenezwa kabla ya mvua, ndege inahamishiwa kwingine."

Aliyesikia maneno hayo na kuinamisha kichwa alikuwa Sosteneo, mlinzi wa uwanja. Sosteneo alikuwa mgane. Mkewe amezikwa Pito, na mtoto wao mmoja tu, Anjela, aliolewa bondeni, Ilemba hukohuko. Wakati ule Anjela alikuwa na mimba kubwa, na Nesi Gaudensia alikuwa ameshasema wazi: mtoto amekaa vibaya, huyu asijifungulie hapa, siku zikikaribia apandishwe mjini kwenye upasuaji. Kumpandisha kwa lori kwenye kona zile Nesi hakukubali. Atapanda kwa ndege. Kwa hiyo Sosteneo alikuwa anatazama mawingu ya upande wa ziwa kama mtu anayemtazama mgeni asiyemtaka akikaribia mlango.

Tulianza kazi. Tulibadilisha redio, hali ileile. Tulivuta waya wote kutoka kwenye redio hadi kwenye antena, tukaweka mwingine, hali ileile. Tulidhani tatizo liko kwa Nesi, lakini rubani wa ndege nyingine iliyopita juu kabisa akielekea Mbeya alituambia, "Mama wa Ilemba? Nampata safi kabisa." Basi ugonjwa ulikuwa kwetu. Nikaweka kile kipimo chenye mshale kinachoonyesha ni nguvu kiasi gani imetoka na kiasi gani imegoma kutoka ikarudi. Mshale ulipanda. Sauti ilikuwa inafika kwenye antena na kurudi nyumbani.

Tuliifungua antena, tukasafisha kitako, tukakwangua, tukafunga. Mshale ukashuka kidogo, lakini bado ulikuwa juu. Mzee Oswadi alipitisha vidole juu yake yote, polepole, kama anayemtuliza mtoto.

"Haina ufa," akasema. "Laini kabisa."

Mimi nami niliitazama. Ilikuwa inapendeza, rangi ya fedha, inametameta. Antena za kila rangi nilikuwa nimeziona huko nilikotoka. Tuliagiza mpya, tukaambiwa itakuja, na kwa jinsi walivyosema neno itakuja tulijua mvua itafika kwanza.

Ikafika Siku ya Kuwaombea Marehemu. Mimi ni Mwislamu, lakini nimekulia kati ya Wakatoliki na siku hiyo naijua. Mzee Oswadi aliniomba nimpeleke kwenye makaburi ya wazazi wake kule Pito kwa sababu ya macho yake. Tulifika asubuhi, ukungu ukiwa bado umeketi juu ya nyasi. Watu walikuwa wanalimia makaburi, wanaongea kwa Kifipa kwa sauti za chini, kicheko kidogo hapa, wimbo kidogo pale. Misalaba ya chuma ilikuwa imesimama mistari kwa mistari ndani ya ukungu, wima, kimya, imepakwa upya, na jua lilipopenya yote ikametameta kwa pamoja. Nilisimama pale nimemshika mzee mkono. Moyo wangu ulikuwa unaniambia kwamba mng'ao ule naujua, ila kama katika ndoto, sikukumbuka ni wapi.

Sosteneo alikuwa amepiga magoti kwenye kaburi la mkewe na brashi mkononi, kopo la rangi ya bati pembeni.

"Umempendezesha," nikamwambia.

"Ee, dada Zuhura. Kila mwaka. Chuma ukikiacha mvua zetu zinakila." Akachovya brashi. "Hii rangi nzuri sana, ni ya mapaa, inashika. Mwenyewe huwa natia koti mbili. Na ikibaki namalizia kazini."

"Kazini wapi?"

"Pale juu ya ndege. Kile kijiti." Akatabasamu kwa haya. "Kilikuwa kimechakaa, rangi inabanduka kama ukurutu. Nikaona ndege inayompelekea mwanangu dawa haiwezi kukaa hivyo. Mwaka wa kwanza nikapaka, ikapendeza. Basi kila nikitoka hapa nakwenda kupaka na pale. Leo pia nimekibakizia."

Mkono wa Mzee Oswadi ulikaza kwenye mkono wangu. Macho yake yalikuwa hayaoni misalaba, lakini aliona yote.

"Sosteneo," akasema taratibu, "leo usipake. Kesho njoo karakanani asubuhi, tutakunywa chai."

Na mimi nilipofungua mdomo, alinibana tena mkono. Tulipokuwa tumefika kwenye gari ndipo akasema: "Si hapa, binti. Si mbele ya mkewe."

Kesho yake tulivuta stuli tatu. Baada ya chai nilimpandisha Sosteneo kwenye ngazi, nikamwekea kipimo mkononi, nikamwomba Kapteni abonyeze kitufe. Sosteneo akauona mshale ukipanda.

"Hiyo ni nini?"

"Ni sauti inayorudi," nikamweleza. "Rangi unayotumia ina unga wa chuma ndani yake, ndiyo maana inang'aa. Juu ya bati la nyumba haina neno. Juu ya msalaba haina neno. Lakini antena inataka kupitisha sauti kwenye ngozi yake. Ukiipaka unga wa chuma, koti juu ya koti, ni kama umemfunika mtu blanketi halafu unamtaka aite."

Sosteneo aligeuka akatazama upande wa ziwa. Upepo ulikuwa unapita kwenye nyasi za uwanjani.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfunika Anjela," akasema.

Kapteni Aminieli, ambaye kwa wiki nzima alikuwa na maneno kwa kila mtu, alishuka kwenye kiti chake, akaja akasimama chini ya ngazi. "Sosteneo," akasema, "mimi nimeipanda ndege hii kila siku, nikapita chini ya hicho kijiti, nikakisifu kwamba kinang'aa. Shika kitambaa. Tufanye kazi."

Sikilizeni hapa, wajukuu, kwa sababu na ninyi mtakutana nalo. Antena ya namna ile ngozi yake si chuma, ni utando mgumu uliotengenezwa kwa nyuzi za kioo. Ukiikwangua kwa kisu utaichana. Ukiimwagia dawa kali ya kutoa rangi itakula na ngozi. Unatumia dawa laini, kitambaa, kijiti cha mbao kilichochongwa bapa, na subira. Sosteneo hakukubali mtu mwingine ashike. Alilainisha, akafuta, akalainisha, akafuta, koti la mwaka jana likatoka, la mwaka juzi likatoka, la mwaka wa kwanza likatoka, na chini kabisa ikatokea ngozi yake ya kwanza, nyeupe kama ganda la yai. Mzee Oswadi akapitisha vidole. Kapteni akabonyeza kitufe. Mshale ukatikisika kidogo, ukalala.

Mawingu ya upande wa ziwa yalikuwa yameshasimama kama ukuta.

"Nitakwenda mpaka ukingoni," Kapteni akasema. "Nikimsikia Nesi, nashuka namchukua Anjela. Nisipomsikia narudi, na msinilaumu."

Nilikwenda naye, nimekaa nyuma na kipimo changu mapajani. Sosteneo alibaki chini na Mzee Oswadi kwenye redio ya karakana. Tulipaa. Mji ukawa mdogo, mabati yanametameta, halafu mashamba, matuta ya ulezi kama mishono kwenye shuka la kahawia. Kapteni alianza kuita tukiwa bado juu ya mashamba ya Pito.

"Ilemba, Ilemba, unanisikia?"

Mvumo tu.

"Ilemba, Ilemba."

Nilikuwa natazama mbele, pale nchi inapokatika. Nilikuwa binti mdogo tena kati ya baba na utingo, nangoja wimbo ufumbue macho. Na ukafumbua. Kwanza mlio, kisha neno, kisha mtu mzima:

"...nakupata, Kapteni, nakupata kama uko jikoni kwangu! Ulikuwa wapi siku zote hizi? Usishuke kwanza. Ng'ombe wapo kiwanjani, nimetuma watu wawatoe. Zunguka hapo juu, nitakwambia."

Kapteni alicheka kwa sauti, akaizungusha ndege juu ya ukingo, ziwa likapita chini yetu mara ya kwanza, mara ya pili.

"Na Anjela?" akauliza.

"Anjela ameshafunga mzigo. Anauliza kama baba yake anakula vizuri."

Kapteni akalirudia swali hilo, ikatoka sauti ya Mzee Oswadi kutoka karakanani, maana nao walikuwa wanatusikia sisi: "Mwambieni anakula. Leo tu ndiyo amegoma."

Nesi aliposema shuka, tulishuka. Kiwanja kilikuwa tupu, majani yameinama upande mmoja kama alivyotuambia. Tulimpandisha Anjela tukiwa na mvua nyuma yetu, ikitufuata mpaka ukingoni na kuishia hapo. Mtoto alitolewa salama kwa upasuaji mjini, wa kike, mwenye sauti ambayo Kapteni alisema huyu hatahitaji antena. Ndege haikuhamishwa.

Mwaka uliofuata nilimpeleka tena Mzee Oswadi makaburini Pito. Ukungu ulikuwa uleule. Misalaba ilikuwa imeshapakwa, na Sosteneo alikuwa anasafisha brashi yake kwenye majani. Nilipotazama msalaba wa mkewe niliona umeng'aa wote, isipokuwa juu kabisa, ncha yenyewe, kama urefu wa kidole. Hapo palikuwa chuma kitupu, kimekwanguliwa, na kutu imeanza kukishika.

"Rangi imekuishia?" nikamwuliza.

"Haijaisha." Alitikisa kopo, nikaisikia ikigonga ndani. Kisha akasema, bila kunitazama, "Pale nimepaacha, dada. Nina habari za mjukuu wake za kumwambia."

Mnanijua. Mimi ni mtu wa kueleza mambo. Nilikuwa na maelezo yangu yote tayari, nikafungua mdomo. Lakini Mzee Oswadi alikuwa ameshaniachia mkono. Alinyoosha mkono wake polepole ndani ya ukungu mpaka akaugusa ule msalaba, akaupandia kwa vidole toka chini hadi juu, akafika kwenye ncha iliyo wazi, akaizunguka taratibu kama alivyozizunguka antena maisha yake yote.

"Umekwangua vizuri," akamwambia Sosteneo. "Pako juu, pako wazi, na hapana kitu mbele yake."